Panya Arobaini na Mmoja wa Bi Siwema

Ipo nchi moja. Nasema ipo, sisemi ilikuwepo, kwa sababu hadithi za mambo yaliyokwisha huwafurahisha sana watu ambao mambo yao hayajaisha. Jina lake silitaji. Anayekaa humo analijua, na asiyekaa humo ashukuru.

Nchi hiyo ni nchi ya sheria. Ina sheria nyingi kuliko vyoo. Mojawapo ni nzuri sana, inaitwa Sheria ya Nyumba Zenye Wanyama Waharibifu, nayo inaipa Halmashauri nguvu kumi na nne. Nimezihesabu mwenyewe kwa kidole kwenye ubao wa matangazo pale kata. Halmashauri ina nguvu ya kuingia katika nyumba yoyote yenye panya, kunguni, mende au viroboto. Ina nguvu ya kunusa. Ina nguvu ya kuwauliza wakaaji wameanza kuishi na panya tangu lini na kwa ruhusa ya nani. Ina nguvu ya kuunda kamati. Ina nguvu ya kumwandikia mwenye nyumba barua azibe matundu, na asipoyaziba, ina nguvu ya kuyaziba yenyewe na kumburuza mahakamani. Zipo na nyingine. Ya kumi na nne ni nguvu ya kusikitika.

Kwa miaka yote niliyokaa mtaa wa Kwa Mbonde, nimeiona Halmashauri ikitumia hiyo ya kumi na nne peke yake, na hata hiyo kwa ubahili.

*

Nyumba tuliyopanga ina vyumba sita, ukumbi katikati, na uani kuna jiko na choo. Mwenye nyumba ni diwani wetu, Mheshimiwa Mabruki, ambaye pia ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Nyumba Zenye Wanyama Waharibifu. Watu wa nje wanaweza kudhani jambo hilo lina kasoro. Sisi tulielezwa mkutanoni kwamba ni bahati, kwa sababu nani atawajua panya vizuri kuliko mtu anayewafuga.

Ugumu ulikuwa mmoja tu. Barua ya kumtaka mwenye nyumba azibe matundu husainiwa na Mwenyekiti wa Kamati. Mheshimiwa Mabruki aliwahi kujiandikia barua hiyo. Akajipelekea. Hakujijibu. Akajikumbusha kwa maandishi mara mbili, na mara ya tatu akajitishia mahakama. Hapo akakasirika, akasema hawezi kutishwa na mtu yeyote ndani ya kata yake mwenyewe. Mambo yakaishia hapo. Sasa ni mwaka wa kumi na moja.

Panya wa nyumba ile hawamkimbii mtu. Wanampisha.

Chumba cha pili kushoto anakaa Bi Siwema, muuza vitumbua, pamoja na binti yake Mwatumu. Mwatumu alipozaa mtoto wake wa kwanza, walimwita Mahfudhi. Wiki ya sita panya walimuuma mdomo, kwa sababu ulikuwa unanukia maziwa. Akashikwa na homa. Alikaa na homa siku nne. Hapa sina mzaha wa kuweka. Tulimzika Alhamisi.

Bi Siwema alikuwa amepeleka malalamiko kata kabla mtoto hajaumwa. Jibu lilifika miezi saba baada ya maziko, karatasi nzuri nyeupe, muhuri wa bluu: "Malalamiko yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Tafadhali mweleze mtoto awe mvumilivu." Bi Siwema hajui kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea. Niliishia darasa la tano, na siku ile nilijuta kwamba sikuishia la kwanza.

*

Mwaka huu Mwatumu akajifungua tena, mtoto wa kike, kabla ya miezi kutimia, mdogo kama mkate wa boflo. Hospitali ya wilaya wakamweka kwenye kisanduku cha joto. Nesi wa wodi alikuwa yule yule aliyempokea Mahfudhi.

"Mwatumu, bado mnakaa nyumba ile?"

"Ile ile, sista."

"Na panya?"

"Wapo."

Nesi akafunga kitabu chake. "Basi nisikilize. Huyu akifika kilo mbili namtoa, maana kisanduku kina foleni. Napiga hesabu itakuwa Ijumaa ya wiki ya tano. Mpaka siku hiyo muwe na chumba. Sitaki kuletewa tena mtoto asiye na mdomo. Mimi pia ni mtu."

Siku hiyo hiyo Bi Siwema akaenda kata kumwona Mtendaji, Bwana Ndaro. Nilimsindikiza. Bwana Ndaro ana kalamu tatu mfukoni, mbili za kuonekana na moja ya kuandikia. Ni mtu wa adabu.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya panya."

"Wapya au wa zamani?"

"Wale wale."

"Wale wana faili." Akalitoa, akalipuliza vumbi, akalisoma mpaka mwisho huku akitikisa kichwa kwa heshima. "Kuna shida ndogo. Humu mtoto aliyelalamikiwa ni mwingine."

"Yule alikufa."

"Basi faili lake limefungwa. Huyu mpya inabidi afunguliwe lake. Jina?"

"Hajapewa. Hata jua hajaliona."

"Bi mkubwa, serikali haiwezi kumlinda mtu asiye na jina."

Bi Siwema akakaza fundo la kanga. Akasema, "Andika Tunu."

Bwana Ndaro akaandika. "Unaona? Mwananchi akitoa ushirikiano, mambo yanakwenda. Sheria inatutaka tuchukue hatua ndani ya siku saba. Siku za kazi. Zisizo na mvua."

Ulikuwa mwezi wa masika.

*

Mvua ilinyesha wiki nne. Wiki ya tano ikakatika, na siku ya Jumamosi gari la matangazo likapita mtaani likitangaza kwamba Jumanne anakuja Mkaguzi Mkuu wa Makazi, Mheshimiwa Lwambano mwenyewe, kutoka makao makuu, kuwaona panya wa Bi Siwema kwa macho yake.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya nchi ile. Kule, kiongozi akienda kuiona shida, shida huondolewa njiani isije ikamkwaza. Alipokuja waziri kuona ukame, visima vyetu vilijazwa kwa maboza. Akateka ndoo mwenyewe, akanywa, akatuuliza kama hatuoni haya kumsumbua. Alipokuja mwingine kuona shule isiyo na madawati, tuliazima viti vya baa mbili, na watoto wakafundishwa siku nzima wakinukia pombe. Hakuna anayeona kwamba anadanganya. Wanaona ni adabu. Mgeni hapokelewi kwa uchafu, hata kama uchafu ndio alioufuata.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Bwana Ndaro akatuletea vijana ishirini wa Halmashauri, mitego, wavu, na matenga ya chuma. Walianza saa mbili. Kazi ambayo kwa miaka kumi na moja tulielezwa kwamba kitaalamu haiwezekani ilikwisha saa sita kasoro. Panya arobaini na mmoja walitolewa chumbani kwa Bi Siwema na ukumbini, wakahesabiwa, wakaandikwa. Vyumba vingine havikuguswa, kwa kuwa mgeni asingevipitia. Ukuta ukapakwa chokaa, ule upande atakaoutazama. Matundu yakazibwa kwa udongo, udongo ukapakwa chokaa. Wakaleta pazia la mahakama ya mwanzo, godoro la nyumba ya wageni, na picha ya Mkuu wa Nchi akiwa anacheka.

Bi Siwema alisimama mlangoni, kanga mabegani, na nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Mwanangu Ndaro, Mungu akuweke. Sasa hao mtawaua saa ngapi?"

"Kuwaua?" Bwana Ndaro akashtuka kweli. "Bi mkubwa, hawa wamesajiliwa. Takwimu za wilaya zinasema nyumba hii ina panya. Nikiwaua, takwimu zinakuwa za uongo, na takwimu za uongo ni kifungo. Halafu Kamati itakaa kwa ajili ya nani? Tunawatunza kata, wanakula dagaa. Wewe usiwe na wasiwasi hata kidogo. Mgeni akishatoka tu, kila kitu kitarudishwa kama kilivyokuwa."

"Kila kitu?"

"Mpaka matundu."

Tabasamu lile likaondoka taratibu. Bi Siwema akakaa kwenye kizingiti. Ilikuwa Jumatatu, mjukuu wake alikuwa anatoka Ijumaa.

"Na mgeni asipotoka?" akauliza.

Bwana Ndaro akacheka mpaka kalamu moja ikaanguka. "Mgeni gani asiyetoka, Bi mkubwa?"

*

Mheshimiwa Lwambano alifika Jumanne na magari kumi na moja. Njia ya mtaa wetu inatosha gari moja na mbuzi, kwa hiyo magari kumi yalibaki barabara kuu yakiunguruma kwa uzalendo. Ni mtu mnene, mpole wa sura, sauti yake imezoea kipaza sauti. Akapanda juu ya kreti ya soda.

"Ndugu wananchi. Serikali yenu ina masikio. Serikali yenu ina macho. Serikali yenu ina pua. Leo nimekuja na vyote."

Tukapiga makofi. Akaingia ndani, akatazama pazia, akatazama ukuta upande aliotakiwa kuutazama, akabonyeza godoro.

"Panya wako wapi?"

"Hawapo, mheshimiwa," akasema Bwana Ndaro, na Diwani Mabruki akaitikia nyuma yake kama kwenye maulidi.

"Na aliyelalamika ni nani?"

Tukajua hapo ndipo mtu anapochukuliwa. Bi Siwema akatoka uani na sinia, bilauri ya maji katikati, akapiga goti.

"Ni mimi, baba. Karibu. Hapa umefika kwa mama yako. Sisi kwetu mgeni haondoki hajala."

Watu wakashangilia. Mwandishi wa habari akaandika. Mheshimiwa Lwambano, ambaye alikuwa amekwisha kugeukia mlango, akajikuta anakaa juu ya godoro. Angefanya nini? Katika nchi ile unaweza kumnyima raia maji, dawa na barabara, ukachaguliwa tena kwa kishindo. Ukikataa chakula chake, umemtukana yeye na ukoo wake mpaka kwa babu.

Mwandishi yule alikuwa na haraka. Kabla sufuria haijapata moto, redio ya taifa ikatangaza kwamba Mkaguzi Mkuu amekula chakula cha mchana nyumbani kwa muuza vitumbua. Dakika chache baadaye simu yake ikalia. Akasimama wima, akafunga kifungo cha koti.

"Ndiyo, Mkuu. Ndiyo, na wanyonge, Mkuu. Kitamu sana. Bado... bado natafuna, Mkuu."

Alipoikata simu alikuwa na jasho. Sasa asingeweza kuondoka. Mkuu wa Nchi alikuwa amempongeza kwa kula, na kule jambo likishasemwa na redio, kinachobaki ni kulitimiza.

Bi Siwema alikuwa amebandika makongoro ya ng'ombe aliyekufa kwa uzee, kwa kuni mbichi.

"Bado kidogo, baba," akasema.

*

Saa kumi ilikuwa bado kidogo. Saa kumi na moja na nusu chakula kikawa tayari, Bi Siwema akaonja, akatikisa kichwa.

"Kimeungua. Siwezi kumpa mtu mkubwa kitu kilichoungua. Naanza upya."

Tukakila sisi wapangaji. Hakikuwa kimeungua sana.

Mheshimiwa Lwambano akalala pale. Jumatano asubuhi Diwani Mabruki akaja mbio na wazo. "Mama, mimi naagiza kuku hotelini. Tunamlisha mheshimiwa, anakwenda zake."

Bi Siwema akaacha kuchochea. "Niletewe chakula cha hoteli ndani ya chumba changu? Kwani mimi nimekufa, Mheshimiwa Diwani? Niambie nimekukosea nini."

Wanawake wa uani wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti ya kumwambia mwenzake kwamba labda Diwani anaona maskini hawajui kupika. Mwandishi akafungua daftari.

"Mabruki," akasema Mheshimiwa Lwambano kutoka ndani, "usiniharibie."

Makongoro ya pili yakazidi chumvi. Ya tatu yakaingia nzi, nzi aliyeonwa na Bi Siwema peke yake. Alasiri mheshimiwa alikuwa amejinyoosha kitandani, koti amelitundika juu ya picha ya Mkuu wa Nchi, akaanza kusinzia. Mara akafumbua macho.

"Ndaro. Nini kile darini?"

Bwana Ndaro aliyatambua makwaruzo yale. Walikuwa panya wa vyumba vingine, wale ambao hawakuandikwa, wamekuja kuulizia wenzao.

"Upepo, mheshimiwa."

"Upepo una kucha?"

"Wa huku unazo, mheshimiwa."

Mheshimiwa Lwambano akamtazama. Bwana Ndaro akatoka nje akakimbia mpaka kwa fundi Chande, mwashi wa Halmashauri, aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha gari.

"Amka. Leta saruji. Sakafu yote, kuta zote chini, matundu yote. Wavu wa chuma darini. Bati kwenye mlango, chini. Mgeni asisikie hata sisimizi."

Fundi Chande akajikuna. "Saruji ya kweli au ya ziara?"

"Ya kweli."

"Sijawahi kuitumia huku."

Lakini aliitumia vizuri. Wakamhamishia mheshimiwa ukumbini kwa muda, wakamimina, wakapiga nyundo, wakakaza wavu. Kazi ile ilimalizika kabla ya magharibi. Nilikaa uani nikisikiliza mwiko wa mwashi ukikwaruza, na nikapiga hesabu. Mchana mmoja. Mtoto Mahfudhi alikosa mchana mmoja wa fundi Chande na mifuko michache ya saruji iliyokuwa stoo ya kata siku zote, imepangwa, imefunikwa turubai isiloe. Uwezo ulikuwepo. Saruji ilikuwepo. Fundi alikuwepo, amelala. Watu wa nchi ile huambiwa kila siku kwamba nchi ni maskini, wavumilie. Ni uongo. Mwenye kitanda ndiye aliyekuwa amebadilika.

*

Alhamisi mheshimiwa alikuwa amekonda kidogo, amebaki na fulana, na alikuwa ameanza kuongea kama watu. Akajitokeza uani akakaa kwenye kigoda karibu na jiko. Mimi nilikuwa natwanga kisamvu cha kwetu.

"Mama," akasema, "niambie kweli. Humu huwa mna panya?"

"Leo hamna, baba."

"Wiki iliyopita?"

"Hilo kamuulize mjukuu wangu, Mahfudhi. Alikuwa nao karibu kuliko mimi."

"Yuko wapi?"

"Makaburini, mstari wa tatu. Walimla mdomo. Taarifa tuliileta kabla, mkatujibu baadaye."

Mheshimiwa Lwambano akatazama moto kwa muda mrefu. Nikaacha kutwanga. Nikasema moyoni, huyu amelala juu ya kitanda kile, amesikia kucha, ana njaa ya siku tatu. Amejua.

"Tatizo la vifo," akasema polepole, "ni kwamba huwezi kuvihoji. Mtu anakufa, unabaki na maelezo ya upande mmoja."

Nikauweka mchi chini, taratibu, kwa mikono miwili, kwa sababu nina familia na ule mchi ulikuwa mzito.

Bi Siwema aligeukia jiko. Akafunua sufuria, akaonja.

"Bado," akasema. Hakuongeza kidogo.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Mwatumu akateremka kwenye bajaji na mtoto kifuani, kilo mbili na gramu chache. Bi Siwema akaingia chumbani mbele yake. Akakanyaga sakafu kwa kisigino pembe zote nne. Akapandisha mkono akatikisa wavu. Akainama kwenye mlango, akapitisha kidole chini ya bati, hakikupita. Ndipo akampokea mjukuu wake, akamlaza juu ya kitanda, pembeni mwa mkoba wa mheshimiwa, na kumwachia mama yake. Akaenda jikoni.

"Chakula tayari, baba."

Mheshimiwa Lwambano alikula sahani nne bila kuinua uso. Makongoro yalikuwa laini kama ahadi. Alipomaliza akavaa koti, akanawa, akapanda juu ya kreti yake ya soda, maana magari yalikuwa yamekwisha kuwashwa.

"Ndugu wananchi. Nimekaa katika nyumba hii siku nne. Nimelala humu, nimeamka humu, nimekula humu. Sikumwona panya hata mmoja. Kwa hiyo malalamiko haya ni uzushi, na mzushi adhabu yake mnaijua. Ila kwa kuwa mama huyu amenilisha, Serikali imemsamehe."

Diwani Mabruki alipiga makofi mpaka saa yake ikafunguka. Mheshimiwa akasema anasikitika kwa siku zake nne, akaingia garini. Matenga ya chuma yalitangulia, kwa kuwa yalihitajika kata ya jirani, ambako alikuwa anakwenda kuona kunguni.

*

Vumbi halijatulia, Bwana Ndaro akaingia ukumbini. Kwapani ana kabrasha, nyuma yake kijana wa Halmashauri amebeba gunia linalotembea lenyewe. Nyuma ya gunia, fundi Chande na nyundo. Kijana akalitua gunia mlangoni kwa Bi Siwema, akaondoka haraka.

Bi Siwema alikuwa amekaa sakafuni, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto mapajani. Mwatumu alikuwa amelala kitandani, kachoka.

"Bi mkubwa, tumalize," akasema Bwana Ndaro. "Utaratibu ni kwamba panya hupokewa kwanza, halafu ukarabati wa ziara huvunjwa. Arobaini na mmoja, wazima, wameshiba. Hata wameongezeka uzito. Fomu hii hapa, weka dole gumba."

"Sipokei."

"Si suala la kutaka. Kisheria ni wa chumba hiki. Usipopokea, wanabaki kwangu, na mimi sina chumba chenye panya kwenye kumbukumbu. Nitaandikaje?"

"Andika ulivyomwandikia mtoto. Waambie wawe wavumilivu."

Fundi Chande akakohoa, akageukia ukuta. Bwana Ndaro akachuchumaa, akatoa kidau cha wino, akakifungua, akakisogeza karibu na mkeka.

"Bi mkubwa. Mimi nina watoto wanne. Hii kazi ndiyo inayowalisha. Nipe dole gumba la kulia, nusu dakika, nisiingie matatani."

Bi Siwema akasogeza kanga. Mtoto alikuwa amelishika dole gumba lake la kulia kwa mkono mzima, vidole vyote vitano, na vidole vyenyewe ni vyembamba kama njiti za kiberiti.

"Lina mtu," akasema.

"Basi la kushoto."

"Fomu inasema la kushoto?"

Bwana Ndaro akaisoma fomu. Alikuwa mtu wa sheria. "Inasema la kulia."

"Haya."

"Mwachishe kidogo."

"Mwachishe wewe."

Akanyoosha mkono. Sijui kama angeufikisha. Wanawake wa uani walikuwa wameingia ukumbini mmoja mmoja, hawakuitwa, na sisi wanaume wa vyumba vingine nyuma yao. Tulisimama tu, tukautazama ule mkono, na ukumbi wa nyumba ile ni mwembamba. Bwana Ndaro akaurudisha mkono wake mfukoni, kwenye kalamu.

"Chande," akasema, "anza kuvunja."

"Panya hawajapokewa, bosi. Umesema mwenyewe utaratibu."

Akabaki amechuchumaa. Akatazama kidau, akatazama fomu. Kisha akasimama akapangusa magoti.

"Nitasubiri. Mtoto akilala ataachia. Wote huwa wanaachia."

"Subiri," akasema Bi Siwema. "Ila subiria nje, na gunia lako. Humu mheshimiwa amesema hamna panya. Utakuwa unampinga."

Akaliburuza mwenyewe gunia mpaka barazani, akakaa pembeni yake kwenye jua na fomu mapajani. Fundi Chande akaweka nyundo chini ya kichwa akajilaza kivulini. Adhana ya Ijumaa ikapigwa, watu wakaenda, wakarudi. Sauti ya meno kwenye katani ya gunia ilikuwa inasikika vizuri kutoka ndani, upande ule alioukalia Mtendaji.

Kila baada ya muda alichungulia dirishani.

"Bado?" akauliza.

Mtoto alikuwa amelala tangu saa sita. Hakuachia.